Sahani Iliyonukia Mvua

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, bila hodi. Dari la maabara limeanza kuvuja saa nne na dakika tano. Nimeweka ndoo palepale nilipoiweka mwaka jana. Alama yake ya duara bado ipo sakafuni, kana kwamba dari na ndoo waliagana kuonana tena.

Daftari hili nimeliokota kwenye takataka za ofisi ya Mkuu wa maabara. Ni rejista ya zamani, nusu ya kurasa zake ni tupu, zina safu za "namba", "sampuli" na "matokeo". Mimi nitaandika kukatisha mistari. Kwenye karatasi naitwa mhudumu wa maabara. Kwa vitendo naosha chupa, napika ile jeli wanayolishwa bakteria, naimimina kwenye visahani, na wataalamu wakishavisoma mimi ndiye ninayevitupa. Ni mpishi wao na mchimba kaburi wao, mwaka wa kumi na tisa huu. Elimu yangu imetoka kwenye kitabu kimoja kinene kisicho na jalada, nacho pia niliokota. Wenye vyeti wakitupa vya kutosha, wengine tunasoma.

Jumanne, 5 Machi
Mvua. Ndoo mbili.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimejiaibisha na nitaandika yote, maana wengine wataisimulia vibaya.

Kwenye sahani ya damu ya mtoto wa wodi ya pili niliona doa la kijani. Badala ya kumwita anayesoma, nilipiga kelele. Mkuu akapiga simu wodini, daktari wa watoto akaja mbio na viatu vyenye matope, dawa ikabadilishwa. Baada ya saa mbili ikajulikana kwamba doa ni kuvu, na kuvu limeingia na vumbi, na vumbi limeingia kwa dirisha, na dirisha nimelifungua mimi ili sakafu ikauke.

Profesa alisimama katikati ya chumba. Huyu ni mtaalamu wetu kijana. Si profesa wa kitu chochote, tunamwita hivyo kwa sababu haongei, anahutubia.

"Jamani, tumpigie makofi Daktari wa Sinki," akasema. "Amegundua vumbi."

Wakapiga. Hata yule mama wa mapokezi, ambaye hajui vumbi lina ubaya gani kwa sahani, alipiga. Mkuu peke yake hakucheka. Ni mwanamke wa miaka karibu sitini, hupandisha miwani kwenye nywele halafu huitafuta mezani. Aliniambia tu, "Ukiona kitu, mwambie anayesoma. Taratibu."

Aliniambia niseme taratibu. Mimi nikasikia nisiseme.

Ijumaa, 8 Machi
Ijumaa saa tisa ni saa ya kutupa. Sahani iliyokaa kwenye kabati la joto siku nne bila kuota kitu huandikwa "hakuna kilichoota", kisha huingia kwenye pipa la mvuke wa kuua wadudu. Kabati letu ni dogo na wagonjwa hawakatiki. Wiki mpya inataka nafasi.

Nina tabia mbaya moja: kabla ya kutupa, nanusa. Mkuu amenikataza mara tatu, anasema wapo wadudu wanaomwingia mtu kwa pua na kumzika. Lakini kila mmoja ana harufu yake. Yupo anayenukia zabibu, yupo anayenukia samaki aliyelala. Kwa miaka kumi na tisa nimewajua kama mtu anavyowajua majirani kwa vyungu vyao.

Leo sahani kumi na moja. Hakuna cha kusimulia. Na kingekuwepo nisingesimulia.

Jumapili, 10 Machi
Mdogo wangu amekuja na mkewe kula mchana. Mji mzima unamwita Brashi. Ni fundi wa mabango. Maandishi ya duka la dawa, ya shule, ya kinyozi, hata yale ya "Usikojoe Hapa" nyuma ya soko, yote ni mkono wake, na inasemekana hilo la mwisho limeandikwa vizuri kiasi kwamba watu husimama kulisoma na wakishasimama hukojoa.

Uso wake umevimba kwa vile vidonge vya kifua alivyoandikiwa mwaka jana. Ni vidonge vinavyotuliza mapafu na kulaza kinga ya mwili.

"Uso kama sinia," nikamwambia.

"Na wewe mikono kama kamba ya kisima. Ugonjwa wa sabuni." Kisha akainua mkono wa kulia, akautazama kama mtu anavyomtazama mtoto mtukutu. "Dada, huyu bwana ameanza ubishi. Juzi nimeandika R, mkia ukaenda zake. Nimeurudisha, umeenda tena."

"Ni brashi mpya," nikasema.

"Brashi ni ile ile."

Wifi akadakia, "Jana kashindwa kufunga kifungo, kanisingizia nimeshona tundu dogo. Na asubuhi kichwa. Kila asubuhi kichwa, wifi."

"Analala vibaya," nikasema mimi, msomaji wa kitabu kinene. "Mbadilishie mto."

Jumatano, 13 Machi
Mvua. Profesa ameniuliza kama nina ugunduzi wowote. Nimemwambia nimegundua ndoo imejaa.

Jumatano, 20 Machi
Brashi ameanguka kutoka kwenye ngazi. Hakuteleza. Waliomwona wanasema mkono wa kulia ulianza kurukaruka peke yake, brashi ikamchora usoni, kisha mwili wote ukakakamaa. Wamemleta kwetu na rangi ya buluu kuanzia sikioni hadi kidevuni. Muuguzi wa mapokezi alidhani ni dalili.

Ijumaa, 22 Machi
Picha ya kichwa imetoka. Daktari wa vichwa aliishika kwenye mwanga wa dirisha akamwonyesha Wifi, mimi nikachungulia juu ya bega lake. Upande wa kushoto wa ubongo pana kitu cha duara, pembeni cheupe, katikati cheusi, kama pete iliyodondoka kwenye uji.

"Ni jipu," daktari akasema. Ni mtu mrefu, sauti yake ndogo. "Usaha ndani ya ubongo. Jumatatu tutatoboa tundu dogo, tuuvute, tupeleke maabara. Wakitwambia ni mdudu gani, tutajua dawa gani. Bila hivyo tunapiga mawe gizani."

Wifi akanigeukia na macho ya matumaini. "Maabara si ndiyo kwenu?"

Nikasema ndiyo, kwa fahari ya kijinga.

Jumatatu, 25 Machi
Wamemtoboa. Ameamka, ameuliza ngazi yake iko wapi.

Mchana Mkuu aliniita. Kanuni yetu ni hii: sampuli ya ndugu haisomwi na ndugu, wala haiulizwi. Ilitungwa baada ya mtaalamu mmoja, zamani, kusoma kioo chenye sampuli ya mama yake na kuona alichotaka kuona. Sahani zetu zina namba tu, majina yamo kwenye rejista.

"Sahani za jipu zitapangwa na Profesa," Mkuu akasema. "Wewe usiulize namba. Nakuomba kama dada yako."

Nikakubali. Ni kanuni nzuri. Nimepika jeli leo kwa uangalifu ambao sijautumia tangu niajiriwe, nikamimina sahani hamsini sawasawa, nikijua mojawapo ni yake na nisijue ipi. Hivyo hamsini zote zimepata chakula cha ndugu.

Jumanne, 26 Machi
Profesa ametazama usaha kwenye hadubini. Namsikia akimwambia Mkuu: chembe za usaha nyingi, wadudu hawaonekani. Tusubiri sahani.

Ijumaa, 29 Machi
Mvua kubwa. Nimetupa sahani nane alizoorodhesha Profesa asubuhi. Moja, namba 417, ilikuwa na vijipunje vyeupe kama unga wa chaki, na ilinukia mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu. Harufu nzuri kuliko zote nilizowahi kukutana nazo humu. Nikacheka, nikafunga dirisha, nikaitupa. Vumbi halitanipata mara mbili.

Jumamosi, 30 Machi
Majibu ya Brashi yamefika wodini: hakuna kilichoota. Daktari wa vichwa anaendelea na dawa mbili za kawaida za majipu, kupitia mshipa.

Jumatano, 3 Aprili
Ana nafuu! Amekaa kitandani, amenichora kwa kalamu nikiwa na ndoo kichwani. Mistari inayumba lakini ni mimi kabisa, hata ule mdomo wangu wa kutopenda kuchorwa.

Ijumaa, 5 Aprili
Sahani tisa. Mvua.

Jumanne, 9 Aprili
Nafuu ilikuwa ya mshumaa unaokaribia kuisha. Homa imerudi, na maneno yameanza kumkimbia. Aliomba "ile... ile ya... ya kunywea" na Wifi akampa kikombe, na akakitazama kikombe kwa chuki kwa sababu jina lake halikuja.

Ijumaa, 12 Aprili
Picha ya pili: pete imekuwa pete mbili. Daktari amesema kama bakteria wa kawaida hawakuota na dawa zao hazisaidii, basi huenda ni kifua kikuu kilichopanda kichwani. Ameanza dawa zake leo. Alisema "huenda" mara tatu. Nilizihesabu.

Jumatatu, 15 Aprili
Mvua imekatika. Joto.

Alhamisi, 18 Aprili
Mkono wa kulia haunyanyuki tena. Umelala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Wifi huukanda kwa mafuta, kidole kimoja kimoja, akiuimbia. Nilisimama mlangoni, nikarudi nilikotoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Hawakusema mzigo wa ndugu ni kanda la nini.

Jumatatu, 22 Aprili
Nataka kuandika hili polepole.

Wiki nzima hapakuwa na mvua. Leo saa nane nilikuwa uani nakamua tambara la deki, na matone makubwa yakaanza, moja moja, juu ya udongo uliopasuka. Harufu ikapanda. Kila mtu anaijua. Watu walitoka milangoni kuivuta. Mimi nikabaki na tambara mkononi, kwa sababu pua yangu ilisema: hii umeinusa ndani.

Nikaenda stoo kwenye kitabu changu. Hakina jalada wala faharasa, kwa hiyo nilipekua ukurasa kwa ukurasa, mvua ikipiga bati. Nilikipata katika sura ambayo siku zote niliiruka kwa sababu ilikuwa na majina marefu. Ni bakteria wa udongoni. Huingia kwa pumzi, pamoja na vumbi, kisha hupumzika mapafuni. Mwenye kinga kamili hamsumbui. Lakini mtu anayemeza kwa miezi mingi vidonge vya kutuliza kifua, kwake hupanda hadi kwenye ubongo na kujenga jipu. Ni nadra. Hukua polepole, siku tano, kumi, hata wiki tatu. Mara nyingi hudhaniwa kifua kikuu. Mara nyingi sahani zake hutupwa mapema. Huota kama chaki.

Na mwisho kabisa, sentensi moja, kama aliyeiandika ameongeza kwa kujifurahisha: hunukia udongo uliopata mvua.

Nilifungua daftari hili, tarehe 29 Machi, nikajisoma. Nilikuwa nimecheka. Nimeandika mwenyewe kwamba nilicheka.

Kisha nikavunja kanuni. Mkuu alikuwa ametoka. Nilifungua rejista, nikateremsha kidole hadi 417. "Usaha, ubongo." Na jina ambalo mama yetu alimpa, ambalo hakuna anayelitumia.

Kanuni ilinikataza kusoma. Haikunikataza kutupa. Hakuna aliyefikiria, hata mimi, kwamba mkono unaotupa nao ni wa ndugu.

Jumanne, 23 Aprili
Sikulala, lakini hilo halimhusu mtu. Saa mbili kamili nilikuwa mlangoni kwa Mkuu.

"Mkuu, nina neno."

"Kama ni dari, nimeshaandika barua."

"Si dari. Ni 417."

Akaweka kalamu. "Nani kakupa namba hiyo?"

"Nilikuwa nayo tangu siku niliyoitupa. Sikujua ni ya nani."

Nikamwekea daftari mezani, limefunguliwa, na kitabu changu kando yake. Akatafuta miwani, nikamwonyesha iko kichwani, akaivaa, akasoma. Ni mistari mitano tu, lakini aliisoma kwa muda mrefu kuliko anavyosoma barua za wizara.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani ni vumbi."

"Hapana. Kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba nimeishi miaka hamsini na moja bila mtu kuniuliza swali lile lile mara mbili akitaka jibu.

"Niliogopa kuchekwa," nikasema.

Wanasema heri lawama kuliko fedheha. Mimi nilikimbia fedheha ya dakika mbili, nikamlipisha mdogo wangu.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Profesa alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hotuba.

"Mkuu, na mimi nina neno. Kile kioo cha usaha, siku ya Jumanne ile. Niliona nyuzi. Chache, hafifu."

"Hukuandika."

"Niliandika kwa penseli, 'nyuzi za pamba'. Halafu nikafuta." Alitazama viatu vyake. "Mwezi huo huo nilikuwa nimemcheka mama huyu kwa vumbi. Nikaona, mimi nikitangaza pamba, wataniitaje?"

Mkuu alisukuma kiti nyuma. Aliinuka, akaenda kwenye boksi tunamohifadhi vioo kwa miezi mitatu, akachomoa cha 26 Machi. Boksi hilo lipo hatua sita kutoka sinki langu; nimelipangusa vumbi mara mbili tangu siku ile. Akaweka kioo chini ya hadubini, akainama. Dari likadondosha tone kwenye ndoo.

"Profesa," akasema bila kuinua kichwa, "hii ni pamba gani yenye matawi?"

Waliosha rangi ya zamani, wakapaka upya ile inayotumika kutafutia kifua kikuu, lakini kwa tindikali dhaifu zaidi, kama kitabu kinavyoagiza. Profesa ndiye aliyefanya. Alipomaliza akaniachia kiti. Hajawahi kuniachia kiti.

"Tazama wewe kwanza, mama."

Nikatazama. Kwenye uwanja wa buluu, nyuzi nyembamba nyekundu, zimekatikakatika kama shanga, zinagawanyika na kugawanyika tena, kama mizizi ya mmea ukiung'oa baada ya mvua. Ilikuwa inapendeza. Mungu anisamehe, ilikuwa inapendeza.

Jumatano, 24 Aprili
Mkuu alikwenda mwenyewe wodini, nikamfuata. Daktari wa vichwa alimsikiliza amesimama, picha zikiwa kwapani. Nilitaka apige kelele. Angepiga kelele ningeshukuru.

"Karibu wiki mbili nampa dawa za kifua kikuu," akasema kwa sauti yake ndogo, "na kabla ya hapo wiki mbili na zaidi nyingine. Na mimi pia sikuwaambia mzishike sahani muda mrefu. Vidonge vya kifua nilivisoma kwenye faili, nikavipita." Kisha akanitazama. "Wewe ndiye uliyenusa?"

"Ndiyo, daktari."

"Usirudie kunusa." Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini ukinusa, niite."

Mchana wamemtoboa tena, wamevuta usaha mwingi.

Alhamisi, 25 Aprili
Dawa mpya imeanza. Mbili zinapita kwenye mshipa. Ya tatu, iliyo kuu, ni kotrimoksazoli: vile vidonge vyeupe vikubwa ambavyo watu wa kila aina hupewa kwa sababu za kila aina. Kwake ni dozi kubwa, na kwa mwaka mzima. Nyumbani kwangu pana nusu pakiti kwenye droo, pamoja na betri zilizokufa. Imekuwa humo muda wote huu.

Nimehesabu. Kutoka Ijumaa ile hadi leo ni siku ishirini na saba.

Jumanne, 30 Aprili
Sahani mpya, siku ya sita. Chaki. Mkuu aliiinua, akanitazama, nikarudi nyuma hatua mbili. Sikuhitaji kusogea. Chumba kizima kilinukia mvua, na nje jua lilikuwa kali.

Ijumaa, 3 Mei
Mkuu ameandika barua ya kosa kwa ofisi kuu. Nilitegemea jina moja. Yapo matatu, na la kwanza ni lake. "Kanuni nilitunga mimi," alisema nilipomuuliza. "Nikaacha tundu, mkapita." Kuanzia leo sahani zote za kichwa zitakaa siku ishirini na moja, na mlinzi wake ni mimi. Profesa ameomba apewe zamu ya kusaidia kumimina jeli. Anamimina vibaya. Simcheki.

Jumamosi, 11 Mei
Homa imekwisha. Amesema "kikombe".

Jumatano, 15 Mei
Amesema "Wifi yako ananipaka mafuta kama gari bovu." Maneno yanamjia yakichechemea, lakini yanafika. Mkono hauji. Daktari ameupima leo kwa sindano, kwa nyundo, kwa kumwomba akunje. Alipotoka nje alimwambia Wifi kwamba sehemu ile ya ubongo ilibanwa muda mrefu mno. Wiki nne mapema, akasema, ingekuwa habari nyingine. Hakunitazama aliposema. Alikuwa anafanya wema.

Jumapili, 19 Mei
Leo nimemwambia.

Wifi alikwenda kufua. Brashi alikuwa ameegemea mto, mkono wa kulia juu ya mto mwingine, kama mgeni wake. Nilianza na vumbi, na makofi, na kanuni, na Ijumaa. Nilijieleza kwa mpangilio mzuri kwa sababu nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye sinki.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo... ulininusa," akasema.

"Nilikunusa."

"Nikanukiaje?"

"Mvua ya kwanza."

Akatafakari. "Afadhali. Nilidhani... tapentaini."

Nikacheka, naye akacheka, na kwa sekunde hiyo nikadhani tumevuka. Kisha kicheko kikamwisha kabla ya changu.

"Siku ngapi, Dada?"

"Ishirini na saba."

Akaugeukia mkono wa kulia. Alitumia wa kushoto kuunyanyua, akauweka upande wa pili, mbali na mimi. Nilikaa hadi Wifi aliporudi na ndoo ya nguo, akauliza mbona kimya, nikainuka kumsaidia kuanika.

Huyu ndiye mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Alipokuwa akilia usiku nilikuwa najua, kwa harufu tu, kama ni njaa au ni nguo. Sikukosea hata siku moja.

Jumapili, 26 Mei
Nimekwenda. Amelala, au amefumba macho.

Jumamosi, 1 Juni
Ametoka hospitali. Wifi amesema niwape muda kidogo wapange nyumba. Nyumba yao ina vyumba viwili.

Jumanne, 4 Juni
Hakuna mvua tangu mwezi uliopita. Ndoo nimeirudisha stoo. Alama ya duara imebaki.

Ijumaa, 7 Juni
Wifi alikuja maabara saa nane, ana kitu kikubwa kimefungwa kwa gazeti.

"Kanituma."

Ulikuwa ubao, umepakwa rangi nyeupe, na juu yake neno moja kwa buluu ile ile iliyokuwa usoni kwake siku alipoanguka: SUBIRI. S ilikuwa imelala chali. R mkia wake umekwenda zake. Na Brashi, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuishiwa nafasi, alikuwa ameishiwa. I ya mwisho imebanwa pembeni kama aliyefika msibani amechelewa.

"Kaandika na wa kushoto," Wifi akasema. "Siku nne. Karatasi za mazoezi zimejaa chini ya kitanda. Anakasirika, anatupa, anaanza upya."

"Kasema niuweke wapi?"

"Juu ya hilo kabati lenu la joto."

"Na kasema nini kingine?"

Wifi alisita. Ni mwanamke asiyejua kusema uongo, na nilimwona akijaribu.

"Kasema umtafute mtu mwingine akupigilie msumari," akasema, "maana wewe macho huna. Pua ndiyo unayo."

Profesa alikuwa anatusikiliza, kalamu mdomoni. Akasogea, akautazama ubao. Kisha akauliza, kwa upole, kama angetafuta fundi aurudie vizuri.

"Huyo ndiye fundi," nikamwambia.

Saa tisa ilipofika sikutupa chochote cha kichwa. Zipo sahani tatu, siku ya tano, ya tisa na ya kumi na nne, tupu zote. Nilipanda kwenye kiti, nikapigilia ubao mimi mwenyewe. Nilipima kwa rula mara tatu, juu, chini na pembeni. Ubao umenyooka kabisa. Zilizopinda ni herufi, na rula ya hizo sina.